UZI: Nembo ya kwenye tangi na maarifa yanayohama – Zschopau, Degner na asili ya ushindi wa pikipiki za Kijapani

Mleta mada:

Wakuu, habari za wakati huu. Kila inapofunguliwa mada ya pikipiki za mbio, haipiti muda kabla haijageuka ugomvi wa chapa. Mmoja anasema Honda haina mpinzani, mwingine anamjibu kwa Yamaha, wa tatu anaingia na Ducati, na hoja inayotolewa ili kufunga mjadala ni idadi ya vikombe. Nimezifuatilia mbio hizi kwa miaka mingi, na kadiri ninavyoisoma historia yake ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba vikombe hivyo tunavisoma vibaya. Nembo iliyo kwenye tangi inakuambia nani alilipa gharama, lakini haikuambii maarifa yalitoka wapi. Mara nyingi yalitoka kwa jirani, na mara moja, kama nitakavyoeleza, yalitoka kwa njia ambayo mtu mkali angeiita wizi.

Mbio za barabarani zilipata makao yake mwaka 1907 katika Kisiwa cha Man, kwa sababu isiyohusiana kabisa na michezo: sheria ya Uingereza haikuruhusu barabara za umma zifungwe kwa ajili ya mashindano, na mwendo ulikuwa umewekewa kikomo cha maili 20 kwa saa, ilhali kisiwa hicho kina bunge lake, nalo lilikubali. Katika mbio hizo za kwanza za TT (Tourist Trophy), Charlie Collier alishinda daraja la silinda moja akiwa na Matchless, pikipiki ya kiwanda cha familia yake, na Rem Fowler akashinda daraja la silinda mbili akiwa na Norton. Sasa itazame vizuri hiyo Norton. Injini iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya Peugeot, kutoka Ufaransa. Ushindi wa kwanza wa chapa ambayo Waingereza waliringia kwa nusu karne ulipatikana kwa injini ya kigeni.

Mwaka 1911 mbio zilihamishiwa kwenye njia ya mlimani, yenye urefu wa takribani kilomita 60 kwa mzunguko mmoja, na Indian ya Marekani ikachukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu katika daraja kubwa. Wenyeji wengi walikuwa bado wanategemea mkanda, wakati Indian ilikuja na cheni na gia mbili, na mlima haukubali ubishi katika jambo hilo. Waingereza walijifunza.

Ubingwa wa dunia ulipoanzishwa mwaka 1949, bingwa wa kwanza wa cc 500 alikuwa Les Graham wa AJS. Mwaka uliofuata Norton, iliyokuwa na injini ya silinda moja iliyokwisha kuzeeka, ilifufuka ghafla, na wengi hudhani ni kazi ya kiwanda. La hasha. Fremu mpya iliyoiokoa ilitoka kwa Rex McCandless, fundi wa Belfast aliyekuwa amejifunza mwenyewe, na ilikuwa tulivu kwenye kona kiasi kwamba Geoff Duke aliitumia kutwaa mataji ya cc 350 na cc 500 mwaka 1951 dhidi ya Gilera za silinda nne zilizokuwa na nguvu kuliko yake. Upande wa Italia, aliyesanifu hiyo Gilera ya silinda nne, Piero Remor, alihamia MV Agusta mwishoni mwa 1949, na mwaka 1950 MV nayo ikaibuka na silinda nne, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Baadaye fundi mkuu Arturo Magni alifuata njia ile ile. Gilera, Mondial na Moto Guzzi zilipojiondoa pamoja mwishoni mwa 1957, MV ilibaki na uwanja karibu mtupu, ikatwaa mataji yote ya waendeshaji wa cc 500 tangu 1958 hadi 1974, miaka 17 mfululizo, ikiwa na watu kama Surtees, Hailwood na Agostini. Ni rekodi ya kutisha, lakini mbegu yake ilipandwa kwenye shamba la Gilera.

Hayo yote ni utangulizi. Kisa chenyewe kiko Zschopau.

Mleta mada (sehemu ya pili):

Zschopau ni mji mdogo wa Saksonia, mashariki mwa Ujerumani, ambako Mdenmark mmoja, Jørgen Skafte Rasmussen, aliijenga kampuni ya DKW. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 hakukuwa na kiwanda kikubwa cha pikipiki kuliko hicho duniani, nacho kilikuwa kimejikita katika injini ya mipigo miwili, ile isiyo na vali za kupanda na kushuka, ambayo petroli yake huchanganywa na oili. Mwaka 1938 Ewald Kluge aliipeleka DKW Kisiwa cha Man akashinda daraja la cc 250. Kabla tu ya vita, kiwanda kilitoa pikipiki ndogo iliyobuniwa na Hermann Weber, ikaitwa RT 125. Ilikuwa nyepesi, rahisi kuitengeneza, na haikuwa na kitu cha ziada hata kimoja.

Vita vilipokwisha, michoro ya RT 125 iligawanywa kama ngawira. Waingereza waliigeuza BSA Bantam, Wamarekani wakaigeuza Harley-Davidson ya cc 125, na Wasovieti wakatoa Moskva yao. Huko Japani, kampuni iliyokuwa ikitengeneza vinanda tangu karne ya 19 iliamua kuingia kwenye biashara ya pikipiki mwaka 1955, na pikipiki yake ya kwanza, YA-1, iliifuata RT 125 kwa ukaribu usiofichika. Kampuni hiyo ni Yamaha, na zile uma tatu za kupimia sauti ya ala za muziki zimo kwenye nembo yake mpaka leo. Mwezi Julai 1955, mwezi ule ule kampuni ya pikipiki ilipoundwa, YA-1 ilishinda mbio za kupanda Mlima Fuji. Kwa maneno mengine, Yamaha iliposhinda kwa mara ya kwanza, ilishinda kwa mchoro wa Zschopau.

Hiyo ni mara ya kwanza maarifa ya mji huo kusafiri hadi Japani, na yalisafiri kwa karatasi. Mara ya pili yalisafiri ndani ya kichwa cha mtu.

Baada ya vita kiwanda kilibaki Ujerumani Mashariki na hatimaye kikaitwa MZ. Idara ya mbio ilikabidhiwa Walter Kaaden, mhandisi ambaye wakati wa vita alifanya kazi Peenemünde, kwenye kituo cha makombora. Fedha hakuwa nazo, vyuma vizuri hakuwa navyo. Alichokuwa nacho ni subira na osiloskopu, chombo kinachochora mawimbi kwenye kioo, na kwa chombo hicho alianza kuichunguza ekzosi.

Naomba mnivumilie hapa, kwa sababu bila kuelewa ekzosi hii hutaelewa miaka 40 ya mbio iliyofuata. Katika injini ya mipigo miwili, mlango wa kutolea moshi na ile ya kuingizia mchanganyiko mpya huwa wazi kwa wakati mmoja, hivyo sehemu ya mchanganyiko mbichi hufuatana na moshi na kupotea bure. Moshi unapotoka kwa kishindo hutuma wimbi la mgandamizo mbele yake. Ukilipanua bomba polepole kama tarumbeta, wimbi hurudi likiwa la kuvuta, likafyonza moshi uliosalia na kukaribisha mchanganyiko mpya kwa nguvu. Ukilibana tena bomba hilo kwa mbele, sehemu ya wimbi hugonga mbano huo na kurudi likisukuma, na likifika kwa wakati wake, punde kabla pistoni haijaufunga mlango, huirudisha ndani ya silinda petroli iliyokuwa imeshatoroka. Ndiyo maana ekzosi za aina hiyo zina tumbo kubwa katikati na mkia mwembamba kama wa panya. Ndiyo maana pia pikipiki hizo husinzia injini inapozunguka polepole, kisha mshale ukifika mahali fulani zinaruka kama zilizochapwa kiboko. Hapo ndipo mawimbi na pistoni vinapopatana, na nje ya hapo havipatani hata kidogo.

Kaaden hakuwa mtu wa kwanza kutengeneza ekzosi yenye tumbo, ila ndiye aliyeigeuza kuwa elimu inayopimika. Akaunganisha na sahani nyembamba ya chuma inayozunguka kando ya injini, iliyokatwa pengo la kupitishia mchanganyiko kwa muda anaoutaka yeye. Mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilikuwa inatoa nguvu za farasi 25, sawa na 200 kwa kila lita, bila msaada wa mashine ya kusukumia hewa.

Mwendeshaji wake bora alikuwa Ernst Degner, naye alikuwa na ujuzi wa uhandisi. Mwaka huo Degner alikuwa anawania ubingwa wa dunia wa cc 125 bega kwa bega na Tom Phillis wa Honda. Mwezi Agosti ukuta ukajengwa Berlin. Mwezi Septemba timu ikasafiri kwenda Kristianstad, Sweden, na huko injini ya Degner ikafa mapema katika mbio. Hakurudi nyumbani na wenzake. Mkewe na watoto wao wawili walikuwa wamevushwa kwa siri hadi Ujerumani Magharibi wakiwa wamefichwa ndani ya gari, naye akapitia Denmark kuwafuata. Taji likaenda kwa Phillis. Muda si mrefu Degner alikuwa Hamamatsu, Japani, katika kiwanda cha Suzuki, kampuni iliyoanza maisha yake kwa kutengeneza mitambo ya kufumia nguo na ambayo ilikuwa imeshakwenda Kisiwa cha Man ikarudi mikono mitupu.

Mwaka 1962 uliofuata, daraja la cc 50 lilianza kuwaniwa kama ubingwa wa dunia, na bingwa wake wa kwanza akawa Ernst Degner wa Suzuki. Mwaka 1963 Hugh Anderson akaipa Suzuki mataji mawili, ya cc 50 na cc 125. Yamaha nayo, iliyokuwa ikiifuatilia njia hiyo hiyo ya sahani inayozunguka na ekzosi yenye tumbo, ikapata taji lake la kwanza mwaka 1964 kwa Phil Read katika cc 250. Tangu Agostini alipoipa Yamaha taji la cc 500 mwaka 1975 hadi Valentino Rossi alipotwaa la mwisho la cc 500 mwaka 2001, hakuna mwaka hata mmoja ambao bingwa wa daraja hilo hakuwa juu ya injini ya mipigo miwili. MZ yenyewe haikuwahi kutwaa ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani.

Karibuni kwa michango na masahihisho.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, uzi umetulia na nimejifunza, hasa hapo kwenye ekzosi. Hata hivyo naona umeipita Honda kwa haraka kwa sababu inaiharibia hoja yako. Soichiro Honda alitangaza mwezi Machi 1954 kwamba kampuni yake itakwenda TT, wakati ikiwa haijatimiza hata miaka sita, na alipokwenda mwenyewe kutazama mbio za mwaka huo aliona injini za Ulaya zikitoa nguvu maradufu na zaidi ya zile alizokuwa nazo. Hakuchukua mhandisi wa mtu. Alirudi nyumbani, akasubiri miaka mitano, na mwaka 1959 timu yake ikaingia daraja la cc 125. Nafasi ya juu ilikuwa ya sita, ya Naomi Taniguchi, lakini walichukua tuzo ya timu, kwa kuwa pikipiki zao zilimaliza mbio wakati za wengine zilikuwa zinakufa njiani.

Baada ya miaka miwili Mike Hailwood aliipa Honda ushindi wa TT wa cc 125 na cc 250 katika wiki moja. Mwaka 1966 Honda ilitwaa ubingwa wa watengenezaji katika madaraja yote matano, kuanzia cc 50 hadi cc 500. Tena ilifanya hivyo kwa injini za mipigo minne, kinyume kabisa na njia ya Zschopau. Ile ya cc 250 ilikuwa na silinda sita, kila moja ndogo kama kikombe cha kahawa, ikizunguka hadi mara 18,000 kwa dakika, na ile ya cc 125 ilikuwa na silinda tano. Naomba mleta mada atuoneshe hapo jirani aliyeazimwa ni nani.

Mleta mada:

Hoja nzito, na nakiri kwamba Honda ya miaka ya 1960 ndiyo mfano mgumu kuliko yote kwangu. Njia yao ilikuwa yao: kama wapinzani wanapata mpigo wenye nguvu katika kila mzunguko, wewe zungusha mara nyingi zaidi, na ili uzungushe mara nyingi zaidi ugawe ujazo katika silinda ndogo ndogo. Hakuna aliyewafundisha kuifikisha mbali kiasi hicho. Kanuni zilizokuja kubana idadi ya silinda na gia mwishoni mwa muongo ule zilitokana na wazimu huo, na si wa Honda peke yake, maana Suzuki ilikuwa na cc 50 yenye gia 14.

Lakini tuendelee mbele kidogo, mkuu. Honda ilijiondoa baada ya 1967. Iliporudi mwaka 1979, Suzuki na Yamaha zilikuwa zimeshalitawala daraja la cc 500 kwa mipigo miwili, na kanuni iliruhusu silinda nne tu. Kwa fahari yao hawakutaka kuiga. Walitaka injini ya mipigo minne yenye silinda nane, na kwa kuwa nane zilikatazwa, waliziunganisha mbili mbili: kila silinda ikawa na umbo la yai lililonyooshwa, pistoni moja ndefu yenye mikono miwili ya kuishikia kwenye kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), na vali nane juu yake. Jumla vali 32. Hebu fikiria kazi ya kuchonga ringi ya pistoni isiyo ya mviringo inayoziba vizuri pande zote katika joto lile. NR500 ilitokea Silverstone mwaka huo ikiwa na Mick Grant na Takazumi Katayama, na wote wawili hawakumaliza. Haikuwahi kushinda hata Grand Prix moja.

Mwaka 1982 Honda ilikunja mkeka wa fahari na kuleta NS500, injini ya mipigo miwili yenye silinda tatu, na ekzosi zake zilikuwa na tumbo kama za wenzake. Freddie Spencer alishinda nayo Ubelgiji mwaka huo huo, na mwaka 1983 akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 21, kwa tofauti ya pointi mbili dhidi ya Kenny Roberts wa Yamaha. Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba kuna aliyejitegemea, na nakuomba ukubali kwamba mwishowe naye alilazimika kuinywa ile ile dawa aliyokuwa akiikataa. Kwa lile la tuzo ya timu ya mwaka 1959, asante kwa kulileta.

Mchangiaji wa pili:

Mimi nina pingamizi kutoka upande mwingine. Mleta mada anataka tuamini kwamba maarifa yanahama na watu, na mfano ambao kila mtu angeutaja ni Valentino Rossi. Aliondoka Honda akiwa bingwa, akahamia Yamaha ambayo haikuwa imepata taji la daraja kubwa tangu la Wayne Rainey mwaka 1992, akaenda pamoja na fundi wake mkuu Jeremy Burgess, na katika mbio za kwanza kabisa, Welkom, Afrika Kusini, mwezi Aprili 2004, akamshinda Max Biaggi aliyekuwa juu ya Honda. Mwisho wa msimu akawa bingwa. Hapo nadharia inapendeza.

Sasa mwaka 2011 mtu huyo huyo, na Burgess yule yule, walihamia Ducati. Misimu miwili ikapita bila ushindi hata mmoja. Na aliyeondoka Ducati kumpisha, Casey Stoner, alikwenda Honda akawa bingwa mwaka ule ule. Kama maarifa yalikuwa kichwani, mbona safari hii yalikataa kuhama?

Mleta mada:

Swali lako limenilazimisha kulirekebisha nililosema, nami sioni aibu kwa hilo.

Tazama tofauti ya viwanda viwili alivyovikuta. Yamaha ya mwaka 2004 ilikuwa na Masao Furusawa, mhandisi aliyekuwa tayari kubomoa. Kranki ilibadilishwa mpangilio ili milipuko isipishane kwa muda ulio sawa, jambo lililompa mwendeshaji hisia bora ya tairi la nyuma wakati wa kufungua mafuta. Rossi na Burgess walileta maelezo ya kile wanachokitaka, na kiwanda kikayageuza kuwa chuma. Ducati ya mwaka 2011 ilikuwa pikipiki ambayo Stoner pekee ndiye aliyejua kuikokota hadi mbele. Alikuwa ameipa taji la 2007, na kipaji chake kilikuwa kinaficha maradhi yake. Rossi alisema tairi la mbele halimwambii kitu, na pikipiki haikubadilika kwa kasi ya malalamiko yake.

Kwa hiyo maarifa yanahama na watu, lakini yanahitaji mwenyeji anayefungua mlango. Suzuki ilimfungulia Degner. Ducati ilikuja kuufungua mlango wake mwishoni mwa 2013, kwa mhandisi safari hii, Gigi Dall'Igna, aliyetoka Aprilia. Yeye ndiye aliyezileta mbawa ndogo za pembeni na vifaa vya kushusha kimo cha pikipiki wakati wa kuondoka na kutoka kwenye kona, na wapinzani waliocheka mwanzoni walikuja kuviiga. Taji la Francesco Bagnaia la 2022 lilikuwa la kwanza kwa Ducati tangu lile la Stoner, likafuatwa na la 2023, kisha la Jorge Martín mwaka 2024. Marc Márquez naye, aliyekuwa ametwaa mataji yake yote sita ya daraja kubwa na Honda, alikubali mwaka 2024 kupanda Ducati ya timu ndogo iliyokuwa ya msimu uliotangulia, na mwaka 2025 akawa bingwa katika timu ya kiwanda. Ukiniuliza, aliyehama kwa busara kuliko wote katika miaka hii ni yeye.

Mchangiaji wa tatu:

Swali dogo tu. Harley-Davidson mbona haitajwi popote katika ubingwa wa dunia? Au hawa ni wa barabara ndefu zilizonyooka peke yake?

Mleta mada:

Inatajwa, mkuu, na itakushangaza. Walter Villa alitwaa taji la cc 250 miaka ya 1974, 1975 na 1976, na mwaka huo wa mwisho akaongeza la cc 350, yote kwenye pikipiki zenye jina la Harley-Davidson. Ila zilikuwa za mipigo miwili na zilitengenezwa Varese, Italia, katika kiwanda cha Aermacchi ambacho Harley ilikuwa imekinunua. Sina mfano mzuri kuliko huo wa nembo kusema jambo moja na chuma kusema jingine. Kwa upande wa Marekani kwenyewe, Harley ina historia ndefu ya mbio za viwanja vya udongo, na huko ndiko Kenny Roberts alikojifunza kuliacha tairi la nyuma liteleze, ustadi alioupeleka Ulaya akatwaa mataji matatu mfululizo ya cc 500, 1978 hadi 1980.

Mchangiaji wa nne:

Mimi si mshabiki wa mbio, ni mtumiaji wa kawaida, na ninaona mjadala huu unamhusu mnunuzi kwa mbali sana. Pikipiki iliyouzwa kuliko zote katika historia ni Honda Super Cub ya mwaka 1958, iliyovuka milioni 100 mwaka 2017, na haikuhitaji kona za Kisiwa cha Man ili iuzike. Iliuzika kwa sababu inawaka asubuhi, haina klachi ya mkono, na mtu anaweza kuiendesha akiwa amevaa nguo zake za kawaida.

Mleta mada:

Hapo sikubishii. Anayechagua pikipiki ya kazi atazame upatikanaji wa vipuri na fundi anayeijua, vikombe avisahau. Nitaongeza jambo moja tu: Honda CB750 ya mwaka 1969, yenye silinda nne, breki ya diski mbele na kuwashwa kwa kitufe, iliingia sokoni wakati viwanda vya Uingereza bado vinauza pikipiki zinazovujisha oili kwenye maegesho, na mwaka 1970 Dick Mann akashinda Daytona 200, mbio maarufu za Marekani, juu ya toleo lake la mbio. Uwezo wa kutengeneza silinda nne kwa wingi bila kuvuja haukushuka kutoka mbinguni. Wahandisi wale walikuwa wametumia muongo mzima wakichonga silinda za ukubwa wa kikombe cha kahawa, kama alivyosema mchangiaji wa kwanza.

Mchangiaji wa tano:

Nimesubiri mtu aulize na hajauliza, basi nauliza mimi. Kaaden na Degner waliishiaje? Huyu aliyebaki alifanywa nini, na yule aliyekimbia alifaidi?

Mleta mada:

Kaaden alibaki Zschopau na aliendelea na kazi. Mwaka 1963 Mike Hailwood, ambaye kwa kawaida alikuwa mtu wa MV, alipanda MZ ya cc 250 kwenye uwanja wa Sachsenring, nyumbani kwa MZ, akashinda mbele ya umati mkubwa wa Wajerumani Mashariki. Katika mashindano ya siku sita ya njia za porini MZ iling'ara zaidi, ikiibeba timu ya nchi yake hadi ushindi mara kadhaa katika muongo huo. Kaaden alifariki mwaka 1996, baada ya kuona ekzosi yake ikiwa chini ya kila bingwa wa dunia wa cc 500 kwa zaidi ya miaka 20.

Degner hakufaidi kwa muda mrefu. Baada ya taji la 1962 alipata ajali mbaya Suzuka mwaka 1963, pikipiki ikashika moto naye akaungua vibaya. Alirudi kukimbia na kushinda tena mbio kadhaa, lakini hakuwahi kupata taji jingine, akafariki mwaka 1983 huko Tenerife. Kwenye uwanja huo huo wa Suzuka, ambao ulijengwa na Honda na kufunguliwa mwaka 1962, kuna kona mbili za kulia zinazofuatana ambako alikuwa ameanguka mwaka huo wa ufunguzi. Hadi leo, hata katika mbio za magari ya Formula 1, watangazaji wanapofika hapo huziita kwa jina lake, kona za Degner.